Vidole Arobaini na Kimoja

Nyumbani,
4 Februari

Wifi yangu mpendwa (ukikunja uso kwa neno hilo, kunja tu, sikuoni),

Nimekupigia simu mara tatu, na mara tatu sauti ya kike ikaniambia hupatikani. Bi Vijidudu, mwenzangu wa maabara, akakupigia kwa simu yake, ukapatikana hapo hapo. Nimeelewa. Basi naandika kwa mkono, baada ya kuitafuta miwani yangu nusu saa na kuikuta kichwani.

Mama yako hajambo. Anakula, analalamika kwamba sijui kufua, na kila alasiri anakaa kwenye kiti chake mlangoni akiweka hesabu ya waliopita bila kumsalimia. Kaka yako angekuwa hai angecheka.

Lililonifanya niandike ni hili. Tangu Novemba mimi na Bi Vijidudu tunazunguka mtaa huu na chupa zetu, tunachota sampuli visimani. Mimi napima chumvi, yeye anapima wadudu ambao mimi siwaoni na sitaki kuwaona. Maji yamekuwa ya chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Siku moja mama mmoja akaniuliza, ndoo ikiwa kichwani, ripoti yetu inasomwa na nani. Nikamwambia diwani. Akauliza diwani anachaguliwa na nani. Nikajibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba anachaguliwa na wananchi. Akasema, "Mimi sina kadi. Kwa hiyo unampimia maji nani?" Nina shahada mbili, wifi, na nilichoweza ni kumsaidia kutua ndoo.

Tangu siku hiyo kila nyumba tunauliza maswali mawili: kisima kina kina gani, na mama una kadi ya mpiga kura? Nyumba mia moja na kumi na mbili. Wenye kadi, wanawake kumi na saba. Si kwamba hawataki. Dawati lenu la uandikishaji liko huko juu ofisini kwenu, mwendo wa saa mbili kwenda tu, na mwanamke akiacha foleni ya kisima saa nne nzima anarudi kukuta tope.

Tunaomba dawati lishuke kwetu siku tatu. Wewe ndiye mwenye dawati. Nitakuwekea kiti chenye mto.

Wako, upende usipende,
Mke wa kaka yako


Ofisini,
11 Februari

Kwa Mkemia wa Maabara ya Maji
YAH: OMBI LA DAWATI LA UANDIKISHAJI

Barua yako imepokelewa na kugongwa mhuri. Nakujibu kwa maandishi ili pawe na kumbukumbu, maana maneno yako huteleza. Endelea kuandika. Simu sitapokea.

Nikiwa ofisini mimi si wifi ya mtu. Dawati halishuki kwa sababu mtu fulani aliolewa kwetu. Linashuka mahali ambapo watu wasiopungua sitini wameomba kwa maandishi, kila mmoja kwa sahihi yake au dole gumba. Lete orodha. Jina lisilosomeka nitalikata.

Kiti chenye mto kaa nacho mwenyewe. Mimi nakumbuka kiti kingine. Siku kaka yangu alipokata roho, kiti kando ya kitanda chake kilikuwa kitupu. Mimi nilitoka safari ya siku nzima nikafika. Wewe uliyekuwa nyumba hiyo hiyo ulikuwa maabara na chupa zako. Kwa hiyo usiniandikie tena habari za kaka angecheka.

Je, mama amemaliza zile dawa za miguu? Swali hili usilijibu katika barua ya kiofisi.

Msimamizi wa Uandikishaji


Nyumbani,
3 Machi

Bi Mhuri mheshimiwa,

Uliomba sitini. Hawa hapa sitini na watatu. Madole gumba ishirini na mawili ni halisi, yamechovywa kwenye wino wa maabara, na dole gumba langu moja limeingia kwa bahati mbaya nikishika karatasi. Nimeliwekea alama ili usinishitaki kwa udanganyifu.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba siku kumi. Waume wengine walitukaribisha, wengine walituuliza kama waajiri wetu wanajua tunafanya nini na koti lao jeupe. Mmoja alisema mkewe hapigi kura kwa kuwa yeye humpigia. Bi Vijidudu akamuuliza kama dawa za minyoo pia humnywea. Ndiyo nyumba pekee tulikofukuzwa na mbwa, lakini mkewe namba yake ni hamsini na nne, tazama.

Kile kiti tukiache kilipo.

Jibu la miguu ya mama liko kwenye karatasi ndogo niliyobana nyuma, lisichafue jalada lako.

Bi Chupa (najua ndivyo unavyoniita)


Ofisini,
28 Machi

Kwa Mkemia wa Maabara ya Maji

Dawati limeshuka, limekaa siku tatu, limepanda. Walioandikishwa ni mia moja na tisa. Usinishukuru. Sitini na tatu ni zaidi ya sitini, hiyo tu ndiyo sababu.

Nakuandikia kulalamika. Siku ya pili, watu kumi na wanne walifika mbele ya dawati langu na chupa za maji wakidhani mimi ndiye ninayepima. Mzee mmoja alikataa kuweka dole gumba mpaka nionje. Umewachanganya watu. Raia anajiandikisha kwa sababu ni haki yake. Hafuati mwanamke mwenye koti jeupe.

Pia nilikuona umesimama kwenye kona ya ukuta siku zote tatu, unanihesabia watu kwenye daftari. Mimi najua kuhesabu.

Nimeteuliwa kuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura hapo hapo mtaani kwenu, katika shule ya msingi, tarehe nane Agosti. Siku hiyo ukipiga kura yako uondoke. Nikikuona na chupa ndani ya hatua mia za kituo nitakutoa.

Nilipita mlangoni kwenu. Mama alikuwa amelala kitini. Sikumwamsha.

Msimamizi wa Uandikishaji


Nyumbani,
7 Agosti, Jumamosi jioni

Bi Mhuri,

Barua hii utaipata Jumatatu, kura zikiwa zimeshahesabiwa, kwa hiyo huna namna ya kunizuia. Nimeandika ili nikuringie.

Leo saa kumi tulifanya somo la maji uani kwetu. Walikuja wanawake arobaini. Najua kwa kuwa kila mmoja niliandika jina lake kwenye daftari la maabara, na wewe unacheka madaftari ya watu huku unalala na lako. Hatukutaja mgombea wala chama, mama ni shahidi. Tumechoka kusema "chumvi, chumvi" watu wakadhani tunatia chumvi. Nikawapa kila mmoja mrija wa kioo wenye maji ya kisima chake, na kile kichupa cheusi cha dawa ya kupimia. Kila mwanamke akadondosha matone matatu kwa mkono wake. Maji yaliyokuwa meupe kama kioo yakageuka maziwa. Wifi, ungeona zile nyuso. Wengine walirudia mara mbili, wengine walimwaga dawa vidoleni kwa haraka ya kuona. Kisha Bi Vijidudu akasema neno moja tu: "Haya mmeyaona nyinyi. Kesho asubuhi ni zamu yenu ya kuonekana." Wakapiga vigelegele mpaka mama akaamka.

Mama naye alisaidia. Alisuuza mirija yote kwenye beseni, akinisema kwamba nimesimama kama bibi harusi na glavu zangu nyeupe. Ilibaki jozi moja tu kwenye boksi, na mkono wangu unazivaa wenyewe bila kuniuliza. Ndiyo mazoea ya miaka ishirini na miwili.

Kesho wote arobaini watakuwa kwenye mstari wako tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nyoosha uso.

Bi Chupa


Nyumbani,
9 Agosti

Wewe,

Sikuiti wifi na sikuiti Bi Mhuri.

Nimekaa na wanawake wale jana tangu mchana mpaka wakachoka kulia. Wanasimulia kitu kimoja wote. Mlangoni kulikuwa na karani wako na kitambaa kibichi, anawafuta vidole kuangalia kama wana wino. Walipofika mbele yako ukawatazama vidole, ukawaambia wameshapiga kura, warudi nyumbani. Vidole vyao nimeviona kwa macho yangu. Vyeusi kuanzia kwenye ukucha. Wanawake waliopanga foleni kabla ya jua, ambao hawajaona hata rangi ya karatasi ya kura.

Wino ulikuwa kwenye kitambaa. Mimi ni mkemia, sihitaji kuchorewa. Mliwapaka mlangoni na kuwafukuza ndani. Na walikuwa wale wale waliokuja uani kwangu. Ulijuaje? Uliletewa majina na nani?

Mgombea aliyeahidi kutuletea bomba la maji ameshindwa kwa kura kumi na tisa. Kumi na tisa.

Na mama. Mama yako aliyekuzaa, amevaa kanga aliyoitunza tangu harusi yangu, ameegemea mkono wa jirani kwa sababu mimi nilishapiga mapema na uliniamuru niondoke. Jirani ananiambia ulimshika mkono, ukamtazama kidole, ukasema, "Umeshapiga, mama. Nenda nyumbani." Mbele ya mstari mzima. Amerudi, amegeuza kiti chake kikatazama ukuta.

Kunichukia mimi nimekuzoea. Lakini hili la jana sijui nilipe jina gani.

Mke wa marehemu kaka yako


Ofisini,
12 Agosti

Kwa Mkemia wa Maabara ya Maji

Kitambaa kilikuwa na maji ya bomba. Kimefungwa kwenye mfuko, kiko stoo, kimegongwa mhuri. Njoo ukipime, si kazi yako?

Vidole vile vilikuwa vyeusi kabla ya kufika kwangu. Kidole cheusi maana yake ni moja. Sasa na mimi nakuuliza: mliwapitisha wapi kwanza? Kituo cha mtaa wa juu kilifunguliwa saa nzima kabla ya changu. Watu arobaini na mmoja, wote wako, wote wanakuja na wino na nyuso za kondoo. Mimi nimesimamia chaguzi nne, sijapata kuona wizi wa kijinga namna hiyo. Nilitegemea mwenye shahada mbili angeiba kwa akili.

Umeandika kuhusu mama. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mpiga kura mwenye kidole cheusi. Sheria haikuniandikia kwamba kidole cha mama kinasomwa tofauti. Unadhani mkono ule sikuujua? Ulinichana nywele miaka kumi. Ningemruhusu yeye, ningesimamaje mbele ya wale arobaini?

Wewe ndiye uliyemfanya mama yangu mwizi. Usiniandikie tena.

Msimamizi wa Kituo


Nyumbani,
16 Agosti

Kwa Msimamizi wa Kituo

Naandika mara hii tu, ili usiseme nilikwenda nyuma ya mgongo wako. Leo nimepeleka malalamiko kwa tume, kurasa sita, sahihi na madole gumba ya wanawake wote. Nimesema kama mtaalamu kwamba wino ulikuwa kwenye kitambaa, na nimeomba usisimamie uchaguzi tena maishani mwako. Nakala imeambatanishwa.

Mkemia


Nyumbani kwangu,
21 Agosti

Mkemia,

Barua hii haina kumbukumbu namba kwa sababu sina tena jalada la kuiweka. Nimesimamishwa kazi jana saa tatu asubuhi. Nimekabidhi funguo, daftari la matukio la kituo, na mhuri. Karani niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu alinipa karatasi ya kutia sahihi bila kunitazama usoni.

Miaka kumi na tisa. Sina mume, sina mtoto, nilikuwa na mhuri. Unaweza kucheka, ulinipa jina hilo mwenyewe.

Umemchukua kaka, ukamweka mama kwako, sasa umechukua na hili. Kilichobaki ni hiki kitanda na sufuria mbili. Ukivitaka tuma mtu.

Mama bado anatazama ukuta?


Nyumbani,
26 Agosti

Wifi,

Isome mpaka mwisho, kisha ichane.

Jumatatu glavu yangu ya kushoto ilichanika kwenye ncha ya kidole. Sikujua. Nilikuwa napima chumvi kwa ile dawa ya kichupa cheusi, ile ya matone matatu. Kidole kililowa, nikakifuta kwenye koti, nikaendelea na kazi. Jioni kilikuwa na doa la rangi ya chai. Jumanne asubuhi nimeketi na mama, nimeshika kikombe, nikakiona. Cheusi kuanzia kwenye ukucha.

Nilikiangalia kidole changu mpaka chai ikapoa.

Dawa ile imetengenezwa kwa madini ya fedha. Ikigusa ngozi haionekani. Ikipigwa na jua inageuka nyeusi, na hakuna sabuni inayoitoa mpaka ngozi yenyewe ibadilike. Ule wino wenu wa uchaguzi hautoki kwa sababu umetiwa dawa hiyo hiyo. Hili si jambo la siri. Nimelifundisha wanafunzi miaka ishirini na miwili. Kila mwaka nawaambia siku ya kwanza: vaeni glavu.

Jumamosi ile saa kumi walidondosha matone kwa mikono mitupu. Wakaenda kulala na vidole safi. Asubuhi wakajipanga juani kwenye mstari wako, na jua likafanya kazi yake. Wakati karani anawafuta kwa kitambaa, vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Aliyevaa glavu uani kwangu ni mtu mmoja tu. Mimi nilipiga kura, wifi. Kidole changu kilikuwa safi kama cha mtoto mchanga.

Nilimuuliza mama siku ile alikiona lini kidole kimekuwa cheusi. Akajibu akiwa bado ameutazama ukuta: "Jua lilipotoka. Nilidhani masizi." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nani aliniuliza?"

Sina cha kujitetea. Uchaguzi ulipoharibika niliona wino wako, kwa sababu nilitaka uwe wako. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hiyo namnyima alama zote: jibu ameliandika kwanza, kipimo hajafanya. Na wewe hukunificha kitambaa, uliniambia nije nikipime. Sikwenda.

Nimeshawaandikia tume. Kurasa mbili safari hii. Nimesema nilikosea mimi, kitambaa kilikuwa na maji, msimamizi alifuata sheria. Nimeambatanisha daftari la maabara lenye majina yote arobaini na kichupa chenyewe kimefungwa. Mkuu wangu ameniambia nimeiaibisha maabara, na kwamba wanawake wa sayansi tukae na sayansi yetu. Bi Vijidudu alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika nikiwa bado naomba msamaha.

Jana niliwaita wanawake kisimani nikawaeleza. Nilivaa nguo za nyumbani. Nilidhani watacheka nicheke nao, unajua nilivyo. Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyewahi kuniuliza nampimia maji nani akachukua mrija niliokuja nao akaumwaga miguuni pangu. Akasema, "Wewe ulijikinga." Wakaondoka mmoja mmoja. Nyumba zinafungwa nikipita.

Na jambo moja la zamani, kwa kuwa leo nimefungua kila kitu. Asubuhi ile ya kifo cha kaka yako, wiki ile watu walikuwa wanakufa kwa kuhara, na chupa za kisima cha shule zilikuwa zinanisubiri nipime kama dawa ya kuulia wadudu inatosha. Nilikataa kwenda. Yeye ndiye aliyesema, "Nenda, ukirudi uniambie jibu." Nilikaa huko chini ya saa moja. Maji yalikuwa salama. Nilikimbia kumwambia, nikakukuta wewe umekaa chini kando ya kile kiti. Hukuniuliza nilikotoka, na kwa kiburi changu sikukwambia. Miaka sita.

Wewe hukuniuliza siku ile. Mimi sikukuuliza siku ya kura. Sijui nani amemfundisha mwenzake.

Mke wa kaka yako


Ofisini,
5 Septemba

Kwa Mkemia wa Maabara ya Maji
YAH: DAFTARI LA MATUKIO

Nimerudishiwa mhuri jana. Kama unavyoona hapo juu, nimeugonga mara mbili.

Sijakusamehe. Niliandike hilo mapema usije ukajichosha kulitafuta humu.

Katika zile kurasa ulizopeleka tume uliandika pia kwamba mstari wangu ulikwenda polepole makusudi. Ngoja nikwambie kwa nini ulikwenda polepole. Mawakala wa vyama vyote viwili waliniambia wenye vidole vyeusi niwafukuze tu, jua ni kali. Nilikataa. Kila mwanamke niliyemrudisha nilimwandika kwenye daftari la matukio: jina, namba ya kadi, saa, kidole kipi, na maneno yake mwenyewe, "sijapiga kura". Kila mmoja akaweka dole gumba. Niliwaona ni wezi, lakini hata mwizi anaandikwa alichosema. Ungekuja kuniuliza tarehe tisa ningekuonyesha. Wewe ukaenda kuandika kurasa sita.

Tume imeweka daftari langu na lako pamoja. Tofauti ya kura ni kumi na tisa, waliorudishwa ni arobaini na mmoja. Wameamua kituo kile kirudie uchaguzi, tarehe ishirini na sita mwezi huu. Bila ya majina kuandikwa kusingekuwa na cha kurudia. Msimamizi atakuwa mimi.

Limebaki tatizo moja. Daftari lako lina majina arobaini. Langu lina arobaini na moja. Wananiuliza huyo mmoja ambaye hakudondosha dawa kidole chake kilitoka wapi, na kama alipiga kura mara mbili. Jina la mwisho kwenye orodha yangu limeandikwa kwa mwandiko mbaya, na mwandiko huo ni wangu. Ni la mama. Wameniuliza kama ninamjua. Nikasema namjua. Wakauliza kama naweza kumdhamini. Nikasema sheria hainiruhusu.

Andika upesi maelezo ya ziada kuhusu yale maji ya kusuuzia ambamo mama alitia mikono siku ile ya somo. Naye mama aweke dole gumba kama anakubali. Akikataa, jina lake litakatwa na itaandikwa kwamba alidanganya, na mimi ndiye nitakayeandika hivyo.

Karani ananiambia wanawake wako wameapa hawarudi kwenye mstari ule. Wanasema wewe uliwachafua na mimi niliwaaibisha. Wakibaki majumbani kwao, tumefanya kazi bure wote wawili.

Siku ya kurudia wino utapakwa kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa kila mtu. Usimpe mtu yeyote kitu chochote cha kudondosha.

Kuhusu kile kiti: ulipaswa kuniambia. Ndiyo, najua utakavyojibu. Usijibu.

Msimamizi wa Kituo


Nyumbani,
9 Septemba

Binti yangu,

Naandikiwa na huyu mke wa kaka yako, kwa kuwa macho yangu hayaoni mistari. Nimemwambia aandike kila neno nisemalo, hata la kumtukana yeye, na nitampa jirani asome kwa sauti kabla haijafungwa. Ameandika hilo. Vizuri.

Maelezo ya tume nimeyasikia. Ni kweli, nilisuuza mirija yake kwa mikono yangu, arobaini, huku yeye amesimama. Dole gumba nimeweka. Nimeliweka mara mbili, moja lilikuwa hafifu.

Sikugeukia ukuta kwa sababu ulinirudisha. Mimi ndiye niliyekufundisha kutochukua kitu cha mtu hata sindano. Ulikuwa sawa. Niligeuka kwa sababu ulinishika mkono, ukakitazama kidole, na usoni hukunitazama. Ungenitazama ungejua. Hilo ndilo lililoniuma. Huyu hapa naye siku kumi na saba ananiletea chai na hakuniuliza mpaka kidole kilipokuwa chake. Mnafanana. Kaka yako alikuwa akisema hivyo, nikawa namkatalia.

Sasa kiti nimekigeuza. Wanawake wamepita leo, nimewaambia naenda tarehe ishirini na sita. Yule mwenye ulimi mkali, aliyemwaga mrija, akaniambia, "Bibi, utakwenda tena kwa yule mwanao?" Nikamwambia nakwenda, na huyo mwanangu mwenyewe atakuja kunichukua. Akasema akiona ndiyo ataamini. Wenzake wakasema wanasubiri waone na wao.

Kwa hiyo uje. Najua msimamizi anatakiwa kufika mapema. Fika mapema zaidi, uje kwanza hapa. Usipite kimyakimya kama ulivyopita mwezi wa tatu, siku ile uliposimama mlangoni ukadhani nimelala. Tutapita visimani, taratibu, kwa miguu yangu hii, wakuone umenishika mkono. Kisha tukifika kituoni uniachie, nikapange mstari kama watu wengine, nawe uende ukakae kwenye meza yako ukunje uso.

Huyu atabeba kiti changu nyuma yetu. Nimemwambia avue glavu. Amesimamisha kalamu. Andika.

Ameandika.

Mama yako
(dole gumba)